Mafiga Hayaachwi Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkebe wa rangi nyekundu na brashi. Nilikuwa nimevaa shati jeupe ambalo mama yangu kule Tawa alilipiga pasi ya makaa, kwa sababu nilidhani kazi ya Msaidizi wa Mipango ya Ardhi ni ya kukaa mezani na kuchora ramani. Ofisa wa Mipango wa Wilaya ya Kitui, mtu mrefu mwembamba aliyetembea kana kwamba anapima ardhi kwa miguu, alilitazama lile shati, akacheka.

"Leo jioni utalifua wewe mwenyewe," akasema. "Twende."

Tulikwenda ukingoni mwa mji, mahali ambapo nyumba za udongo na vibanda vya mabati vilikuwa vimeingia kwenye hifadhi ya barabara. Hifadhi ya barabara ni ile ardhi ya pande mbili za njia ambayo serikali huiweka akiba, ili siku moja barabara ipanuliwe, au bomba la maji lipite, au lori likikosa breki lipate pa kuangukia bila kuua mtu. Kwa macho ya kawaida ni uwanja mtupu. Na uwanja mtupu ukikaa karibu na soko haumalizi mwaka kabla mtu hajachimba shimo la nguzo. X nyekundu ukutani ilikuwa na maana moja tu: nyumba hii itavunjwa.

Nikachovya brashi, nikaufuata ukuta wa kwanza. Yule ofisa akanishika mkono.

"Umepiga hodi?"

"Hodi ya nini, bwana mkubwa? Si ni ukuta tu?"

"Piga hodi kwanza."

Nikapiga hodi. Tukakaribishwa ndani na mama mmoja aliyekuwa akichambua pojo kwenye ungo. Tukapewa vigoda. Bosi wangu akamuuliza nani analala pale, maji wanateka wapi, na wakitoka pale watakwenda wapi. Akauliza kwa upole kama mtu aliyekuja kuposa. Kisha akamweleza mama yule kwa nini barabara lazima ipanuliwe, na kwamba X itachorwa leo. Hakumdanganya hata kidogo. Tulipotoka nje akanipa brashi na kusema, "Sasa chora."

Mkono wangu ulikuwa mzito kama nimebeba debe la maji.

"Huo uzito ndio ninaoutaka," akasema. "Mpangaji mwenye mkono mwepesi ni hatari kuliko tingatinga. Tingatinga halina akili. Wewe unayo."

Nilikuwa kazini tangu miaka ya themanini mpaka nilipofikisha umri wa kustaafu, nimehudumu chini ya wakubwa wengi, wengine wakali, wengine wavivu, mmoja aliyelala mezani mpaka tukazoea kutembea kwa vidole. Lakini hakuna aliyenifundisha kazi kama huyo wa kwanza. Nasema kwa kujivuna na sitaomba radhi: hakuna nyumba niliyoitia X ambayo sikuwahi kukalia kigoda chake.

Msinielewe vibaya nyinyi mnaosoma mkiwa vijana, mkadhani nilikuwa mtu wa kuonea huruma kila kibanda. Nilipohamishiwa Salama, pale kwenye njia ya kwenda Mombasa, nilihamisha watu wengi na nililala usingizi mzuri. Kule watu walijenga mpaka karibu na lami yenyewe. Walikuwepo Wakamba wa pale pale, na walikuwepo wafanyabiashara kutoka Murang'a na Nyeri waliokuja na viazi wakabaki na familia. Mtu anauza matunda mbele, analala nyuma, na lori la kontena linapita hatua chache kutoka kwenye mto wake wa kulalia. Mama mmoja wa kutoka Murang'a aliniambia, "Bwana Mipango, hapa ndio kwangu, na serikali isinisumbue." Nikamwambia, "Mama, haki ya makao si haki ya kulala chini ya lori."

Hakunipenda siku hiyo. Lakini kabla ya kumchorea X nilikuwa nimekwisha kumbana Mhandisi wa Barabara na karani wa baraza la mji mpaka wakakubali ploti za nyuma ya soko, zenye choo na mfereji, zipimwe na kugawiwa watu wale wale. Nikagoma kuchora mpaka bikoni ya mwisho ilipochimbiwa. Bikoni ni ile nguzo fupi ya zege inayoonyesha kona ya kiwanja, na ukiiona imekaa ardhini unajua maneno yamekwisha kuwa kitu. Mhandisi alikasirika sana. "Wewe unafanya kazi ya kanisa au ya serikali?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba hata kanisani watu hukalishwa kwanza ndipo wahubiriwe.

Baadaye lori kweli lilipinduka pale pale, likamwaga saruji mahali mama wa Murang'a alipokuwa akilala. Alinitumia gunia la viazi. Nilililipia, maana mtumishi wa umma hali viazi vya bure, lakini nakiri vilikuwa vitamu.

Basi niende kwenye jambo lenyewe, maana nikiachiwa nitaongea mpaka kesho. Katika utumishi wangu wote, kesi moja ndiyo iliyonipima kama mimi nilivyopima ardhi za watu. Ilitokea upande wa Mutomo, kusini ya Kitui, wakati ambapo Katiba mpya ilikuwa imekwisha kuja na kaunti zimeanza kazi. Mimi nilikuwa Ofisa Mwandamizi wa Mipango, karibu na mwisho wa safari.

Mwenye kuijua Mutomo anajua kwamba pale maji ndiyo serikali. Mbuzi wanajua, ng'ombe wanajua. Mto ukikauka, akina mama huchimba mchangani kwa kata, shimo linakwenda chini mpaka anayechota anaonekana mgongo tu, na nyuma yake kuna foleni ya punda na mitungi. Kaunti ikaamua kuchimba silanga, yaani bwawa la udongo la kukinga maji ya mvua, kwenye bonde moja lililofaa kuliko yote. Vijiji vitano vingekunywa hapo. Hakukuwa na mtu wa kupinga jambo hilo, na mimi wa kwanza sikulipinga.

Shida ilikuwa nyumba moja. Ilisimama chini bondeni, mahali ambapo maji yangejaa. Mwenye nyumba aliitwa Syokau, mama wa makamo anayeelekea uzeeni, mwenye sauti ya kuimbisha kwaya na ulimi usioogopa mtu. Na ardhi yote ile, chini bondeni hadi juu mlimani, ilikuwa na hatimiliki ya mtu mwingine, mfanyabiashara wa Mutomo mjini aliyeitwa Mulwa.

Mhandisi wa Maji alikuwa kijana mwenye bidii, na jambo hilo kwake lilikuwa rahisi. "Mwenye taito ni Mulwa," akaniambia huku amekunjua ramani juu ya boneti ya gari. "Tutamlipa fidia ya ile sehemu maji itachukua. Huyu mama ni skwota. Mpe notisi, aondoke. Mvua ya Novemba ikifika kabla hatujachimba, mwaka mzima umepotea. Mimi niko na watu wanakunywa mchanga, mzee."

Fidia ni malipo anayopewa mtu ardhi yake inapochukuliwa kwa faida ya umma. Lakini angalieni ujanja wa neno hilo: humlipa mwenye karatasi. Aliyelala ndani ya nyumba, kama jina lake haliko kwenye karatasi, hulipwa vumbi la tingatinga.

Nikaenda nikapiga hodi kwa Syokau.

Alinikalisha, akanipa uji wa wimbi, kisha yeye akaanza kuniuliza mimi.

"Umekuja kunifukuza, sivyo?"

"Nimekuja kuuliza nani analala hapa, mwaitu." Mwaitu kwetu ni mama, na ndivyo tunavyomwita mwanamke wa heshima.

"Hapa nalala mimi na watoto wa mwanangu wawili. Na Kalondu analala pale juu." Akanyoosha kidole mlimani, mahali penye kaburi lililozungushiwa mawe. "Kalondu ndiye alinioa."

Msishangae. Wakamba wanaujua utaratibu huo, na kama vijana wa leo wameusahau basi waulize nyanya zao. Mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume aliweza kuoa mke, kwa mahari yake mwenyewe, ili nyumba ya mumewe isizimike. Mke huyo huitwa iweto. Watoto anaowazaa ni wa nyumba hiyo, na yeye ni mke wa ukoo huo kama wake wengine. Kalondu alikuwa mjane wa ndugu mkubwa wa baba yake Mulwa. Alimwoa Syokau akiwa msichana mbichi, wakaishi pamoja miaka mingi wakilima na kugombana na kupatana, na Kalondu alipokufa ni Syokau aliyemzika.

Kosa lilifanyika wakati wa kuandikisha ardhi. Kamati iliyokuja kuuliza nani ni mwenye wapi ilikuta nyumba ya wanawake wawili, ikaandika ardhi yote kwa jina la mwanamume aliyekuwa karibu, yaani baba yake Mulwa. Kila mtu kijijini alijua Syokau ni nani, na kwa sababu kila mtu alijua, hakuna aliyeona haja ya kusema. Hilo ndilo kosa letu Wakamba: jambo linalojulikana sana hatulisemi, na lisiposemwa halipimwi. Baba alikufa, taito ikaenda kwa Mulwa.

"Kwa hiyo hutaki silanga?" nikamuuliza.

Syokau akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama anataka kupumua. "Mimi ndio naenda kuchimba maji mchangani saa kumi asubuhi. Kwani mimi sinywi maji? Mchimbe! Nyumba hii mtie maji mpaka kwa paa. Lakini nihamishwe kama mke wa hii boma. Nijengewe pale juu, karibu na Kalondu. Mkinifukuza kama mtu alitoka barabarani, basi Kalondu alioa nini? Alioa paka?"

Hapo nikajua kesi imekaa wapi. Haikuwa kati ya nyumba na maji. Swali lilikuwa iwapo Syokau atapanda mlima ule kama mwenye haki au atashuka bonde lile kama mgeni.

Na pale juu, karibu na kaburi, Mulwa alikuwa na mipango yake. Alitaka kujenga vyumba vya kupangisha vinavyotazama maji. Mulwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alitoa sadaka kanisani, na alisomesha watoto wa ndugu zake. Alikuja ofisini kwangu na Katiba mkononi, imefungwa kwa mpira wa kufungia noti.

"Bwana Mipango, hapa imeandikwa mali ya mtu italindwa. Soma."

"Nimesoma," nikasema. "Fungua mbele kidogo. Umeona? Haki ya maji na haki ya makao ziko kwenye kifungu kimoja, kama watoto wa mama mmoja wanavutana blanketi. Kitabu ni kimoja, Mulwa. Hatuwezi kuchana kurasa."

"Huyu mama si wa kwetu. Baba hakuacha ameandika jina lake."

"Baba yako aliacha ameandika kwamba jua litoke asubuhi?"

Akaondoka amekasirika. Mimi nami nikakasirika, maana nina hasira za haraka, mke wangu atawaambia.

Nikaenda kwa Mkurugenzi wa Ardhi wa kaunti, mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa kwanza lakini mwenye kichwa baridi. Wengine ofisini walinishauri niandike tu neno skwota, tufunge faili, maji yapatikane. Nikamwambia, "Skwota ni mtu aliyekuja. Huyu aliletwa. Kuna mbuzi wa mahari walitoka kwenye boma ile wakaenda kwao." Nikamkumbusha kwamba sheria yenyewe inazitambua haki za kimila zilizo juu ya ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye hatimiliki. Nikapendekeza fidia ya Mulwa isitolewe mpaka Syokau awe na nyumba imesimama, na isimame juu karibu na kaburi, kwenye ardhi ya ukoo.

Akafikiri. "Utaweza kuisimamia hii mbele ya mawakili?"

"Nitaisimamia mbele ya malaika."

"Malaika hawana shida, mzee. Ni mawakili nauliza."

"Nitaisimamia."

"Basi andika. Lakini ukichelewesha silanga mpaka mvua ipite, mimi na wewe tutachimba na mikono."

Chifu akaitisha baraza. Watu walijaa, akina mama mbele na mitungi yao, maana walitoka mtoni moja kwa moja. Nikaeleza pendekezo langu. Mulwa akasimama na kusema silanga anaitaka, na Syokau aende popote, ila si pale juu. Mama mmoja akapiga kelele kwamba mtu mmoja asizuie watu elfu kunywa. Wengine wakaitikia. Nilimwona Syokau akitazama chini, na nilijisikia vibaya sana, maana waliopiga kelele walikuwa wenzake wa foleni ya mtoni.

Nikauliza swali moja. "Mbuzi wa ntheo walikwenda kwa akina nani?"

Ntheo ni mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana kuonyesha kwamba ameolewa. Bila hao, hata mkiishi miaka hamsini, wazee watasema mnatembeleana. Wazee waliojua wakatazamana, kisha macho yote yakamwendea Nduku, mama yake Mulwa, bibi kizee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa ukuta wa duka. Nduku akatafuna mdomo wake usio na meno. Akamtazama mwanawe. Hakusema neno, na sikumlaumu, maana ni nani atamwaibisha mwanawe mbele ya chifu?

Baraza likaisha hivyo hivyo. Nikaenda juu mlimani, nikapima kiwanja karibu na kaburi, nikapigilia vigingi vya mbao kwenye kona zake. Kesho yake vigingi vimeng'olewa. Nikapigilia tena. Vikang'olewa. Mara ya tatu Mhandisi alinikuta na nyundo mkononi, jasho linanitiririka, akasema, "Mzee, si tungekuwa tumemaliza?" Nikamwambia, "Ungemaliza wewe. Mimi ningekuwa ndio naanza kukosa usingizi."

Waliovunja kisirani kile walikuwa akina mama wa mwethya. Mwethya ni kundi la kazi la jirani na jirani: leo tunakulimia wewe, kesho tunajengea mwenzako, na asiyekuja lake halijengwi. Wale wale waliopiga kelele barazani walikwenda nyumbani wakafikiri, kama watu wanavyofanya wakishateremsha mitungi. Mwenyekiti wao akanijia. "Tumeona mvua itatuacha. Kesho tutamjengea Syokau pale juu. Wewe leta vigingi vyako."

"Na Mulwa?"

"Mulwa tutamwona huko."

Asubuhi walikuja na majembe, nguzo, udongo wa kukandia, na sufuria kubwa la githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Nyumba ya zamani ilikuwa bado imesimama na hakuna aliyeigusa, maana sharti langu lilikuwa lile lile la Salama: ya kwanza haianguki mpaka ya pili isimame. Mulwa alikuwa amekwisha kufika, amesimama katikati ya vigingi, mikono kifuani. Hakuwa na fujo. Alisimama tu.

Na hapa kulikuwa na jambo ambalo hakuna ramani inayolionyesha. Kwa ukoo ule, boma linapohama, shimo la nguzo halichimbwi kabla mafiga hayajafika. Mafiga ni yale mawe matatu ya kupikia. Na mwenye nyumba habebi mafiga yake mwenyewe. Hubebewa na mwanamke wa ukoo. Mwanamke akikosa wa kumbebea, maana yake iko wazi kwa kila mtu: si wa hapa.

Syokau akayatoa mafiga jikoni kwake, akayaweka nje mlangoni, meusi, bado yana joto la uji wa asubuhi. Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama. Akina mama wa mwethya wakasimama pia, maana wao walikuwa jirani, si ukoo. Mke wa Mulwa alikuwepo, akamtazama mumewe kule juu, akainamisha macho. Mhandisi akaniuliza kwa sauti ya chini tunangoja nini. Nikamwambia anyamaze.

Tulingoja mpaka nikaanza kufikiri jinsi nitakavyomwambia yule Mkurugenzi kwamba nimeshindwa.

Nduku akatokea kwenye njia ya mbuzi, akitembea na fimbo. Hakumsalimu mtu. Alikuwa na kitambaa mkononi. Akakikunja kuwa kata ya kutwikia mzigo, akaiweka kichwani, akapiga magoti kwa taabu mbele ya mafiga, akasema, "Nitwikeni."

Akina mama wawili wakamtwika figa moja. Akasimama polepole, mguu mmoja, kisha wa pili, akaanza kupanda. Hakuna aliyemshika. Alipofika kwenye vigingi akasimama mbele ya mwanawe.

"Mulwa. Hizo mbuzi za ntheo, nani aliziswaga mpaka kwao?"

Mulwa akaishusha mikono yake kutoka kifuani.

"Ni mimi. Kalondu alikuwa mgonjwa mguu. Nilikuwa na mimba yako. Nilitembea siku yote na mbuzi na wewe tumboni. Sasa toka kwa njia, jiwe ni nzito."

Mulwa akatoka kwenye njia.

Nduku akaliweka figa mahali pa jiko, akageuka ili ashuke kuchukua la pili. Lakini mke wa Mulwa alikuwa amekwisha kulibeba, yuko katikati ya mlima, na la tatu lilikuja na binti yake. Syokau alipanda nyuma yao mikono mitupu, analia na kuimba kwa pamoja, na wimbo wake wote ulikuwa jina la Kalondu. Nasema kweli, mimi mtu mzima na nyundo yangu, niligeuka kutazama kaburi ili watu wasinione uso.

Mchana Mulwa mwenyewe alileta mabati kutoka dukani kwake. Akaniambia, bila kunitazama, "Andika hicho kiwanja kwa jina lake. Mama amesema." Nikaandika, akatia sahihi mbele ya chifu. Nyumba ikasimama. Syokau alipowasha moto wa kwanza kule juu ndipo nilipokwenda kuichora ile ya chini X. Nilipiga hodi kwanza, ingawa nilijua haina mtu. Tingatinga likaingia, na Novemba ilipofika silanga ilijaa mpaka kwenye majani. Mhandisi aliniletea picha ya maji yale, akicheka kama mtu aliyezaa mapacha. Vijiji vile vinakunywa mpaka leo.

Miaka michache baadaye nikastaafu. Nilipewa saa ya ukutani, hotuba mbili na keki. Na mwishoni mwa wiki ile nikapewa notisi.

Ndiyo, notisi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ya serikali pale Kitui mjini, na mtumishi akistaafu anatoka, mwingine mwenye haki aingie. Nilikuwa nimewapa watu notisi maisha yangu yote, lakini nilipoishika yangu, karatasi ilikuwa nzito ajabu. Nyumba yangu kule Tawa ilikuwa tayari, sina la kulalamika. Hata hivyo nilizunguka vyumba vile nikishika kuta. Pale ndipo watoto wetu walipojifunza kutembea. Mke wangu, Mama Mwende, alinitazama akacheka. "Sasa umejua," akasema. "Na sisi nani atatubebea mafiga?"

Vijana wa mipango, hamtaki mawaidha yangu na mimi sina mengi. Mwenye kiu ana haki, mwenye hatimiliki ana haki, mwenye paa ana haki, na mtu atakayewaambia kwamba moja ya hizo ni uongo anataka kwenda nyumbani mapema. Kazi yenu ni kuchelewa nyumbani kidogo.

Siku ya kuhama tulikuwa tukingoja lori. Asubuhi likaingia uani lori jingine, la Mulwa, limeandikwa jina la duka lake ubavuni, na nyuma limejaa akina mama wanaoimba. Walikuwa wamesafiri kutoka Mutomo. Syokau akateremka wa kwanza, amezeeka, fimbo mkononi kama ya Nduku, na mkoba wa maembe kwapani.

"Aiya, Bwana Mipango! Ulifikiri utahama kimya kimya?"

Walipakia kila kitu kabla sijamaliza kusalimia. Likabaki jiko la gesi, lenye vichomeo vitatu. Mama Mwende akainama kulinyanyua, ili alitoe nje mwenyewe.

"Wee! Acha!" Syokau akampigia kelele. Akanipa mimi fimbo niishike, akakunja leso yake kuwa kata, akaiweka kichwani, akapiga magoti kwa taabu kwenye sakafu ya serikali.

"Mwenye nyumba habebi," akasema. "Nitwikeni."